Majani tele, mavuno hakuna: tafuta mahali sukari ilipokwama

Umefukua tuta la viazi vitamu baada ya miezi mitano. Juu, marando yamefumana hata udongo hauonekani. Chini, unakuta mizizi myembamba kama penseli. Jirani anasema shamba limechoka, ongeza mbolea. Unanunua urea, na msimu unaofuata marando yananenepa zaidi, viazi ni vilevile. Nimesimama kwenye matuta ya namna hiyo mara nyingi na bado huniuma, kwa sababu fedha ya urea imekwenda kulisha majani ambayo hayakuwa na njaa.

Mmea wenye majani mazuri na mavuno mabaya mara nyingi umepika vizuri tu. Tatizo ni kwamba chakula hakikumfikia aliyekusudiwa. Kwa hiyo kabla ya kwenda duka la pembejeo, jiulize maswali matatu: sukari inapikwa wapi, inapita wapi, na inaliwa na nani? Dalili zote nitakazozieleza hapa zinasomeka kwa maswali hayo.

Jiko, njia na mlaji

Jani ndilo jiko. Kwa mwanga wa jua, maji na hewa ukaa linapika sukari, na katika mimea mingi sukari inayosafirishwa ni sukrosi, ileile tunayotia kwenye chai. Njia yake inaitwa floemu, mirija myembamba ya seli zilizopangana kichwa kwa mkia, zenye vitobo kama chekeche kila zinapokutana. Walaji ni sehemu zote zisizojipikia: mizizi, viazi, maua, mbegu, matunda, na hata jani changa, ambalo hulishwa na wakubwa zake mpaka lifikie karibu nusu ya ukubwa wake.

Usiichanganye njia hii na ile ya maji. Maji na madini hupanda kutoka mizizini kupitia zailemu, ambayo kwenye mti ndiyo mbao yenyewe. Floemu iko nje ya mbao, upande wa ndani wa gome. Kwangu huo mpaka mwembamba kati ya gome na mbao ndiyo sehemu ya mti inayostahili kuheshimiwa kuliko zote, na ndiyo tunayoikatakata bila kufikiri.

Anayetaka kuiona sukari ikitembea na aende kwa mgema. Hukwea mnazi asubuhi na jioni, akalifunga kole, yaani shada la maua ya mnazi, ambalo karara lake bado halijapasuka, akalikata ncha kwa kotama na kutundika kibuyu chini yake. Yale matone ni maji ya floemu, matamu kabla hayajachacha kuwa tembo, ile pombe ya mnazi. Kila akirudi hukata tena kipande chembamba kama ganda la kitunguu, kwa sababu mirija hiyo ikijeruhiwa hujiziba yenyewe ili mmea usivuje sukari yake yote. Bila kidonda kipya, kibuyu hakijai. Huko juu ya mnazi kuna nusu ya somo: sukari inatembea ikiwa na msukumo, na njia yake ina tabia ya kujifunga inapoguswa vibaya.

Msukumo huo alitueleza Mjerumani Ernst Münch mwaka 1930. Jani linapakia sukari kwenye floemu, maji yanaifuata kutoka kwenye zailemu iliyo jirani, mirija inajaa na kutuna. Upande wa pili mlaji anaichukua sukari, maji yanaondoka nayo, msukumo unashuka. Basi umajimaji unatoka penye msukumo mkubwa kwenda penye mdogo. Mara nyingi sukari huwa kati ya asilimia 10 na 25 ya umajimaji huo, na kwa saa moja huweza kusafiri sentimita 30 mpaka mita moja, wakati mwingine zaidi. Msukumo wenyewe unaweza kuzidi mara kadhaa ule wa upepo ndani ya tairi la gari dogo.

Kwa hiyo sukari haina "juu" wala "chini". Inamwendea anayekula, na aliye karibu na mwenye nguvu hula kwanza. Kwa kawaida majani ya chini hulisha mizizi, ya juu hulisha ncha na matunda yaliyo jirani. Ukilikumbuka hilo, kazi ya kutafuta chanzo inakuwa nyepesi.

Kipimo cha kuanzia: jani la jioni na jani la alfajiri

Kipimo hiki wengi walikifanya shuleni wakakiacha hukohuko. Mchana, jani likipika kuliko linavyoweza kusafirisha, huweka akiba ya wanga. Usiku huivunja akiba hiyo kuwa sukari na kuipeleka kwa walaji. Basi chuma jani moja lililokomaa saa kumi na mbili jioni, na lingine kama hilo kwenye mmea huohuo alfajiri kabla ya jua.

Lichemshe jani kwenye maji dakika moja. Kisha liweke ndani ya kikombe chenye spiriti, na kikombe hicho kiweke ndani ya sufuria ya maji ya moto uliyokwisha kuiepua. Usiiweke spiriti karibu na jiko linalowaka. Hushika moto kwa mvuke wake tu. Rangi ya kijani ikishatoka, suuza jani na ulidondoshee iodini ya duka la dawa. Palipo na wanga pataonyesha bluu iliyokolea hadi nyeusi.

Jani la jioni likibaki na rangi ya kahawia hafifu, jiko halikupika: tafuta kivuli, ukame, majani machache, ugonjwa wa majani. La jioni likiwa jeusi na la alfajiri limefifia, sukari imeondoka. Sasa uliza imekwenda kwa nani. Lakini likiwa jeusi jioni na jeusi vilevile alfajiri, sukari imekwama, ama njia imeziba ama mlaji hali. Siku zote linganisha na jani la mmea mzima wa aina ileile, maana mimea haifanani. Michungwa hubaki na wanga kiasi hata ikiwa na afya, na majani ya vitunguu hayaweki wanga kabisa, kwa hiyo kwake kipimo hiki hakifai.

Mti umevimba juu ya alama, chini umesinyaa

Hapa karibu kila mara kuna kitu kinachokaba: waya, kamba ya nailoni, ukanda wa plastiki uliosahaulika baada ya kubebesha mche, au pete ya kidonda iliyoachwa na mbuzi aliyeguguna gome au panga la mtu aliyekuwa akipalilia kwa haraka.

Nyumbani kwetu palikuwa na mwembe uliofungiwa waya wa kuanikia nguo. Mti ukanenepa, waya ukazama. Mwaka mmoja ukazaa kuliko miaka yote, tukafurahi na kugawa maembe mtaa mzima. Hatukujua kwamba ule wingi ulikuwa sukari iliyozuiwa isishuke mizizini, ikaishia kwenye maua na matunda. Juu ya waya palikuwa na uvimbe kama rovu, chini yake shina limebaki jembamba. Miaka miwili baadaye majani yakaanza kupungua kileleni. Tulipochimba kidogo, mizizi midogo ilikuwa myeusi na inakatika kama uzi uliooza. Mti ule ulikuwa unapata maji lakini mizizi yake imekufa njaa, na tulipoukata waya tulikuwa tumechelewa.

Ndiyo maana mti uliochunwa gome pande zote haufi siku hiyo. Zailemu iko salama, maji yanapanda, majani yanabaki mabichi. Mizizi inaishi kwa akiba yake, wiki au miezi au zaidi kwa mti mkubwa, kisha inaacha kunyonya maji, na hapo ndipo watu huona mti "umekauka ghafla". Mtaliano Marcello Malpighi aliliona jambo hili katika karne ya 17 kwa kuchuna pete ya gome na kuangalia uvimbe ukitokea upande wa juu.

La kufanya linategemea ukubwa wa kidonda. Waya uukate leo, hata kama vipande vingine vimezama. Usiuchimbue kwa nguvu ukaongeza jeraha. Ikiwa gome limebaki upande mmoja, hata theluthi tu, mti unaweza kujiponya: safisha kingo za kidonda kwa kisu kikali, usitie samadi wala matope juu yake, weka uzio dhidi ya mbuzi, na punguza matunda ya msimu huo ili mizizi ipate mgao.

Gome likiwa limeondoka pande zote na mti una thamani kwako, jengea daraja. Kata vijiti vya unene wa kidole kutoka mti huohuo, vichonge ncha zote mbili ziwe bapa, chomeka ncha ya chini chini ya gome lililo hai upande wa chini wa kidonda, na ya juu upande wa juu. Usivigeuze, ncha iliyokuwa juu tawini ibaki juu. Funga kwa ukanda wa nailoni na ufunike viungo kwa nta. Vijiti vitatu au vinne kuzunguka shina vikishika, sukari itakuwa na njia mpya. Fanya hivyo gome linapobanduka kwa urahisi, yaani mti ukiwa unakua, siyo kiangazi.

Mnazi, mgomba, muwa na mahindi havifuati kanuni hii. Floemu yao imesambaa ndani ya shina katika vifungu vingi, haikujipanga kama pete chini ya gome. Ndiyo sababu wakwezi wa pwani wamekata vidato kwenye minazi kwa vizazi na minazi ikaendelea kuzaa. Mwembe ungekatwa vidato kuuzunguka namna ile usingebaki.

Marando mengi, viazi hakuna

Turudi kwenye lile tuta. Fanya kipimo cha jioni kwanza. Jani likitoka limefifia, angalia kivuli: viazi vitamu chini ya migomba au katikati ya mahindi yaliyosongamana havipiki vya kutosha. Vinaweza kuwa na majani mapana yanayovutia, kwa kuwa mmea wenye kiu ya mwanga hutanua majani yake, lakini ziada ya kupeleka chini haipo.

Sababu ya pili wengi hawapendi kuisikia. Ni matembele. Ukichuma ncha kila baada ya siku tatu kwenye tuta lilelile unalotarajia viazi, unaondoa jiko na wakati huohuo unaulazimisha mmea kuchipua upya, na kila chipukizi jipya ni mlaji. Tenga matuta mawili ya mboga karibu na nyumba, uyaache ya viazi yapumzike. Sijaona ushauri mwingine usio na gharama unaoleta tofauti ya haraka kama huu.

Ikiwa jani lina wanga mwingi jioni na marando ni marefu, yenye kijani kizito na mashina laini, shaka ni naitrojeni iliyozidi. Ncha zinazokua kwa kasi ni walaji wenye nguvu na ziko karibu na jiko. Zinakula kabla sukari haijashuka. Shamba lililokuwa zizi la ng'ombe mwaka jana, au lililopigwa urea, litakupa hali hii. Usiongeze naitrojeni. Msimu ujao panda hapo kwanza mahindi au mboga za majani zimalize ziada, viazi vifuate.

Sababu nyingine iko kwa mlaji mwenyewe. Udongo mgumu au unaotuamisha maji humnyima hewa mzizi unaotaka kunenepa. Kiazi hutumia nguvu kugeuza sukari kuwa wanga, na bila hewa kazi hiyo husimama. Sukari ikikosa mpokeaji hurudi nyuma kama foleni. Chomeka mkono tutani. Usipoingia hadi kiganja kizima bila kusukuma sana, tuta hilo lilihitaji kufumuliwa zaidi.

Viazi mviringo vina neno lao la ziada: joto la usiku. Ukivipanda nyanda za chini zenye usiku wa joto, mmea unarefuka na kutoa majani bila kupata ishara ya kutunga viazi. Mbolea hailiondoi hilo. Vinataka ubaridi wa Njombe, Lushoto, Nyandarua au mahali kama hapo.

Gunzi la mahindi lina mapengo

Menya gunzi na ulitazame kwa karibu, maana mapengo hayafanani. Punje zikikosekana hapa na pale, na mahali pake pakiwa patupu kabisa, uchavushaji haukufanyika vizuri: jua kali au ukame ulizikuta ndevu zikitoka. Hilo si suala la sukari. Lakini ncha ya gunzi ikiwa na punje zilizoanza kisha zikanywea, ndogo, nyeupe, zimekunjamana kama ngozi ya kidole kilicholowa, basi zilichavushwa na zikafa njaa. Punje za ncha ni wa mwisho kwenye foleni, na sukari ikipungua huachwa kwanza.

Nani alipunguza sukari? Uliza kama majani yalivunwa kwa ajili ya ng'ombe. Desturi ya kupukutisha majani ya mahindi mabichi ili kupata malisho inaeleweka kiangazi kinapobana, lakini jani lililo kwenye gunzi na yaliyo juu yake ndiyo yanayolisha punje kwa sehemu kubwa. Ukilazimika, chukua ya chini kabisa yaliyoanza kukauka, na uyaache ya juu mpaka punje ziwe ngumu.

Kisha angalia potasi. Upungufu wake huanza kwenye majani ya chini: kingo zinageuka njano, halafu zinaungua kahawia kutoka ncha kurudi nyuma, huku katikati ya jani pakibaki kijani. Potasi inahitajika kupakia sukari kwenye floemu na kuendesha msukumo. Ikipungua, jani hupika lakini haliwezi kupakua. Mabua huwa dhaifu na kulala. Majivu ya kuni yana potasi, yatawanye kiasi kwenye udongo wenye tindikali, lakini usiyachanganye na samadi mbichi au urea, kwani naitrojeni itapotea hewani.

Magnesiamu nayo hushiriki kupakia sukari. Upungufu wake ni njano kati ya mishipa ya majani ya zamani, mishipa yenyewe ikibaki kijani, na unajitokeza zaidi kwenye udongo wa kichanga au uliopewa potasi kupita kiasi. Kwa upungufu huu kipimo cha alfajiri mara nyingi huonyesha jani bado jeusi.

Majani yananata, yana masizi, na sisimizi wanapanda

Geuza jani. Utakuta vidukari, vidung'ata, nzi weupe au wadudu magamba. Wote hawa wamechomeka mdomo mwembamba kuliko unywele moja kwa moja kwenye mrija wa floemu. Hawana haja hata ya kunyonya kwa nguvu; msukumo wa mmea unawamiminia. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Uingereza, Kennedy na Mittler, walimkata kidukari akiwa kazini, wakaacha mdomo tu umechomekwa, na maji matamu yakaendelea kutoka kwenye kile kijimrija kwa saa nyingi.

Umajimaji huo una sukari tele na protini kidogo. Mdudu anayetafuta protini hulazimika kunywa mwingi na kutoa sukari ya ziada nyuma. Hiyo ndiyo inayonata kwenye majani na kwenye kioo cha gari ulilolaza chini ya mwembe. Juu yake huota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Ukungu wenyewe hauli jani, unaliwekea kivuli tu, kwa hiyo kupulizia dawa ya ukungu ni kutibu asiyeumwa.

Anza na sisimizi. Wanawalinda wadudu hao kama mifugo ili wapate sukari, na wanawafukuza maadui zao. Zungushia shina ukanda wa nguo uliopakwa grisi, juu ya plastiki ili grisi isiguse gome, na ukate matawi yanayogusa ukuta au mti mwingine. Kisha osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, upande wa chini hasa, jioni jua likiwa limepungua, na urudie baada ya siku nne au tano. Wale wadudu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi usiwaue, wala watoto wao wanaofanana na mamba wadogo. Hao wanakufanyia kazi bure.

Nyuzi za manjano zisizo na majani zilizojisokota kwenye ua wako ni mlangamia, mnyonyaji wa aina nyingine. Unatumbukiza vinyonyeo vyake mpaka kwenye mirija ya mwenyeji. Ukiung'oa kwa mkono vipande vilivyobaki huchipua tena, hivyo kata tawi lote ulilojisokota, kabla haujatoa mbegu, uchome.

Michungwa yenye njano upande mmoja wa jani

Hapa nakuomba usiharakishe, kwa sababu kosa la utambuzi lina gharama kubwa. Chuma jani ulikunje katikati kwenye mshipa mkuu. Ikiwa njano ya kushoto inafanana na ya kulia, kama umbo kwenye kioo, na imejipanga kati ya mishipa, huenda ni upungufu wa zinki au madini mengine. Rekebisha udongo na mboji. Ikiwa mabaka hayafanani, yamekatiza mishipa ovyo, upande mmoja kijani na mwingine njano, shuku huanglongbing, ugonjwa wenye jina la Kichina linalotokana na machipukizi yake ya manjano.

Kata tunda vilevile, kwa wima. La mti mgonjwa huwa dogo na limepinda, mstari wa katikati haunyooki, mbegu zimesinyaa na kuwa za kahawia, na rangi ya kuiva huanza kwenye kikonyo badala ya kitakoni. Ladha ni chachu yenye uchungu, na hilo linaeleweka: sukari haikufika.

Bakteria wa ugonjwa huu huishi ndani ya floemu yenyewe. Mmea unajitetea kwa kuziba mirija, kama ule mnazi unavyojiziba kwenye kidonda cha kotama, ila hapa kuziba huko ndiko kunakouua. Wanga unarundikana kwenye majani, mizizi inakosa mgao. Ukitaka kupima haraka shambani, sugua jani lililokomaa kwa msasa mara ishirini hivi, uoshe msasa kwenye maji kidogo ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, udondoshee iodini. Maji yakigeuka meusi kuliko ya jani la mti mzima, shuku yako imeongezeka. Haijathibitika, kwa kuwa hata tawi lililokabwa na waya litatoa jibu hilo. Uthibitisho ni wa maabara, na njia yake ni kupitia afisa ugani.

Afrika Mashariki tulizoea aina ya Kiafrika, inayopenda nyanda za baridi na kuenezwa na mdudu Trioza erytreae. Watoto wake hukaa kwenye vishimo chini ya jani, na juu utaona vinundu kama upele. Sasa mdudu wa Asia, Diaphorina citri, ameshapatikana Tanzania na Kenya. Huyu anastahimili joto, ana tabia ya kukaa ameinua kiuno, na watoto wake hutoa nyuzi nyeupe za nta. Kwa wakulima wa machungwa wa nyanda za chini, wa Muheza na kwingineko, ujio wake ni habari nzito, kwa sababu joto halitawalinda tena.

Mti ulioambukizwa hauna dawa ya kuuponya. Ng'oa, ukiwa umeua wadudu kwanza ili wasihamie jirani, na ununue miche kwenye kitalu kinachojulikana chanzo cha vikonyo vyake vya kubebeshea. Vijidudu vinavyoishi kwenye floemu hubebwa kirahisi na mche au kipando. Ndivyo mabingobingo yanavyodumaa, majani yakiwa madogo ya njano, mfugaji akihamisha vipando vyenye fitoplazma, aina ya bakteria wa kwenye floemu, kutoka shamba moja hadi jingine. Minazi ya pwani ya Tanzania imeuawa na fitoplazma pia: vidaka vinapukutika, makole yanakuwa meusi, makuti yanageuka njano, mwisho kilele kinaanguka na kubaki nguzo.

Tikiti zuri kwa macho, ladha kama maji

Tunda hupokea utamu wake mwingi katika wiki za mwisho. Ukungu mweupe ukiyaua majani wakati huo, tikiti litakua, litavutia, lakini halitakuwa na sukari. Linda majani mpaka siku ya kuvuna, acha matunda mawili au matatu kwa mmea, na punguza maji siku chache kabla ya kuvuna. Nyanya kuoza kitako ni jambo jingine kabisa. Hapo kilichokosekana ni kalisi, ambayo husafiri na maji kupitia zailemu na haipandi floemu, kwa hiyo mwagilia kwa mpangilio usiokatikakatika.

Umepulizia ndago, imeota tena

Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ikishaingia jani husafiri na sukari kwenye floemu. Basi inafika kwenye viazi vya ndago ikiwa tu sukari inashuka huko. Ukipulizia ndago iliyonyauka kwa jua, hakuna kinachotembea. Ukipulizia siku moja baada ya kufyeka, hakuna majani ya kuipokea. Ukizidisha kipimo ukidhani nguvu ndiyo dawa, majani yanaungua haraka na njia inafungwa kabla ya mzigo kuondoka. Dawa za kuunguza kama parakwati hazishuki kabisa, zinakausha juu tu, na ni sumu kali mno kwa binadamu. Mimi nisingeziingiza nyumbani.

Subiri ndago iwe na majani mengi mabichi, karibu na kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Pulizia asubuhi isiyo na upepo wala dalili ya mvua, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, umevaa glavu, buti na kifunika uso. Kisha usilime wala kufyeka kwa siku saba hadi kumi. Majani yatabaki kijani siku za mwanzo na utashawishika kudhani dawa imeshindwa. Iache. Baada ya siku kumi ng'oa shina moja pamoja na mnyororo wake, kata kiazi katikati: cheupe na kigumu bado kiko hai, cha kahawia na laini kimekufa. Vile vilivyokuwa vimelala bila jani havikupata kitu, vitachipua mvua ijayo, na hapo utarudia.